Fomu mpya ya WHO ya kufuatilia uchungu: je, inaizidi patografu?

"Uchungu hauendelei." Maneno hayo mawili huandikwa kwenye faili kama sababu ya upasuaji, na hayamwambii msomaji lolote: njia ilikuwa imefunguka sentimita ngapi, ilisimama hapo kwa muda gani, mikazo ilikuwa mingapi, na mkunga alishafanya nini kabla ya kumwita daktari. Fomu ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitoa Desemba 2020 ichukue nafasi ya patografu (mchoro wa zamani wa kufuatilia uchungu) inalazimisha majibu hayo yaandikwe mzazi akiwa bado leba. Tunaipa alama 4 kati ya 5. Alama iliyobaki imeliwa na hesabu ya wakunga, na tutaifikia.

Kwa anayeiona mara ya kwanza: ni karatasi moja ya A4, inapakuliwa bure kwenye tovuti ya WHO pamoja na kitabu chake cha maelekezo. Ina sehemu 7. Inaanza na taarifa za mzazi alipopokelewa, kisha huduma ya kumfariji (msindikizaji, maumivu, vinywaji, mkao), hali ya mtoto, hali ya mama, maendeleo ya uchungu, dawa, na mwisho mistari ya tathmini na mpango. Upande wa kushoto kuna safu ya tahadhari ambapo kila kipimo kimeandikiwa mpaka wake. Kipimo kikigusa mpaka, unakizungushia duara, halafu unashuka chini kuandika umeona nini na mmekubaliana nini na mzazi. Kuna safu 12 za saa kwa hatua ya kwanza na 3 kwa hatua ya kusukuma.

Kilichotuvutia zaidi ni kwamba ile mistari miwili ya mshazari imeondolewa. Patografu ilirithi hesabu ya sentimita 1 kwa saa, ambayo mizizi yake ni michoro ya daktari Friedman wa New York miaka ya 1950. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakifanya kazi Rhodesia (Zimbabwe ya leo), wakaongeza mstari wa tahadhari, na saa 4 kulia kwake mstari wa kuchukua hatua. Kwa zama zile ulikuwa msaada mkubwa, kwa sababu mzazi aliyekwama kituo cha pembeni alijulikana mapema na gari likaitwa. Tatizo lilikuja pale mstari ulipogeuka hukumu. Mwaka 2018 zilitoka takwimu za wanawake 5,606 wa hospitali 13 za Nigeria na Uganda waliojifungua salama kwa njia ya kawaida, na wengi wao walitumia zaidi ya saa nzima kwa kila sentimita mpaka walipofika 5. Kwa maneno mengine, wanawake wazima kabisa walikuwa wanavuka mstari wa tahadhari kwa sababu mstari wenyewe ulichorwa kwa haraka ambayo mwili hauna.

Fomu mpya inaanza kujazwa kwenye sentimita 5, na kila sentimita ina muda wake. Ikikaa 5 kwa saa 6 au zaidi, zungushia. Ikikaa 6, mpaka ni saa 5. Kwenye 7 ni saa 3, kwenye 8 ni saa 2 na nusu, kwenye 9 ni saa 2. Hatua ya kusukuma ina saa 3 kwa mzazi wa kwanza na saa 2 kwa aliyekwisha kuzaa. Saa inaanza upya kila sentimita mpya inapopimwa, na hapo ndipo wanaotoka kwenye patografu wanapojikwaa, maana wamezoea kuhesabu tangu mzazi alipopokelewa.

Chukua mfano. Mzazi wa kwanza anapimwa saa 12 asubuhi, amefunguka 5. Saa 4 asubuhi amefika 6. Saa 8 mchana bado ni 6. Kwenye patografu huyu ameshapita mstari wa kuchukua hatua muda mrefu, na katika wodi yenye haraka angekuwa tayari amevalishwa kofia ya thieta. Kwenye fomu mpya ametumia saa 4 kati ya 5 alizopewa pale kwenye 6, na duara litafika saa 9 alasiri. Ila kusubiri duara huku umekunja mikono ni kosa. Kama mikazo ni 2 au pungufu ndani ya dakika 10, safu ya mikazo imeshapata duara lake, na kazi inaanza hapo: kibofu kimemwagwa? Chupa imepasuka? Amelala chali tangu asubuhi? Amekunywa chochote? Baada ya hayo ndipo dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, inapofikiriwa, tena kwa uangalifu zaidi kwa mzazi wa tatu au wa nne. Kwake uchungu uliosimama unaweza kuwa na maana kwamba mtoto amezuiwa, na ukiongeza nguvu mfuko wa uzazi unachanika.

Hapa kuna kasoro ya muundo. Ratiba ya kawaida ya kupima njia ni kila baada ya saa 4. Mzazi aliyekutwa na 8 ana mpaka wa saa 2 na nusu, kwa hiyo anayefuata ratiba kwa utiifu atarudi mpaka ukiwa umepita kwa saa moja na nusu. Karatasi haimkumbushi mkunga kuliona hilo. Dawa ni ya mkono tu: ukikuta 8 au 9, andika palepale kwenye mstari wa mpango saa utakayorudi kupima, na umkabidhi hivyo anayeingia zamu. Usizidishe vipimo kwa wengine, kwani kila kidole kinachoingia baada ya chupa kupasuka kinaongeza hatari ya maambukizi.

Jambo jingine la hesabu. Ukijumlisha mipaka yote, 6 na 5 na 3 na 2.5 na 2, unapata saa 18 na nusu kutoka 5 hadi 10. Hakuna anayetakiwa kuachwa afike huko. Mwongozo wa WHO wenyewe unasema hatua ya kwanza yenye kasi kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mzazi wa kwanza na saa 10 kwa wengine. Ukijikuta unatafuta karatasi ya pili kwa sababu safu 12 zimejaa, hiyo tayari ni tahadhari, hata kama hakuna duara.

Sehemu ya mtoto ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu "mtoto amechoka" ni sababu ya pili inayoandikwa bila ushahidi. Mipaka ya mapigo ya moyo wake kwa dakika ni chini ya 110, au 160 na kuendelea. Kuna pia mstari wa kushuka kwa mapigo, na duara ni kwa herufi L, yaani mapigo yanayoshuka kwa kuchelewa, mkazo ukishafika kileleni, na kurudi baada ya mkazo kuisha. Ili kulijua hilo, lazima usikilize kwa dakika nzima, uanze wakati wa mkazo na uendelee angalau sekunde 30 baada yake. Fetoskopu ya pembe (kipaza cha kusikilizia tumboni) inatosha, dopla, kifaa cha umeme cha kazi hiyohiyo, inarahisisha. Mkono mwingine uwe kwenye mshipa wa mama. Mapigo ya mama mwenye homa au aliyechoka yanaweza kufika 120 na zaidi, na asiyeyalinganisha ataandika mapigo ya mama kwenye mstari wa mtoto. Kosa hilo linaweza kumpeleka thieta mama ambaye mtoto wake hana shida, na linaweza pia kuficha mtoto aliyekwisha kufa tumboni.

Usomaji mmoja mbaya hautoshi kumpeleka mtu kwenye kisu. Mlaze ubavu wa kushoto, funga dripu ya oksitosini kama ipo, pima presha, pima njia kuhakikisha kitovu hakijatangulia, kisha sikiliza tena kwenye mikazo inayofuata. Yakibaki chini ya 110, au L ikirudi mkazo kwa mkazo, na kuzaa kwa njia ya kawaida hakuko karibu, upasuaji una sababu halisi na unaandikwa kwa tarakimu: mapigo mangapi, mara ngapi, tangu saa ngapi. Maji ya kijani peke yake hayatoshi. Fomu inaweka duara kwa kinyesi kizito cha mtoto (M+++) na kwa damu kwenye maji, na yote mawili yanadai usikilize mara nyingi zaidi kabla hujaamua.

Kichwa kimepewa mistari mitatu: mkao wake, uvimbe, na kupandana kwa mifupa ya fuvu. Kushuka kwake kunachorwa kwa sehemu za tano za kichwa zinazopapaswa bado juu ya nyonga. Mistari hii ikisomwa pamoja ndiyo inayotofautisha uchungu wa polepole na uchungu uliozuiwa, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko maneno yanavyoonyesha. Mikazo dhaifu, kichwa kinashuka, mifupa haijapandana: huyo ana muda, msaidie. Mikazo mikali 4 au 5 ndani ya dakika 10, kichwa bado 3/5 juu, mifupa imepandana +++ na haiachani ukiibonyeza, uvimbe mkubwa, mkojo una damu: hapo njia na kichwa havipatani, na dripu ya kuongeza uchungu ni hatari tupu. Ukiona na mkunjo unaokata tumbo kwa mshazari juu ya kibofu, umechelewa tayari. Kuchelewa huku ndiko kunakozaa fistula na mfuko wa uzazi uliopasuka. Patografu nayo ilikuwa na mistari ya kichwa, lakini bila mpaka ulioandikwa. Hapa +++ ina duara lake na hakuna mabishano.

Kuna sababu za upasuaji ambazo fomu hii haizioni na haikukusudiwa kuziona. Kondo la nyuma lililofunika mlango wa kizazi. Mtoto aliyelala kipingamizi na hageuki. Kitovu kilichotangulia, mtoto yuko hai na kuzaa hakuko karibu. Kovu la wima lililokata sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi. Dalili za mfuko kupasuka. Kwa hao, kufungua karatasi ili "tuone inaendaje" ni kupoteza dakika. Uingereza inatumia kipimo cha dakika 30 kutoka uamuzi hadi mtoto kutoka pale maisha yanapokuwa hatarini papo hapo, na tungependa fomu ingekuwa na kisanduku cha saa ya uamuzi na saa ya kisu, kwa sababu muda kati ya hayo mawili, yaani kutafuta damu, kutafuta mtu wa ganzi, kusubiri jenereta, ndipo watoto wanapopotea. Kisanduku hicho hakimo. Wodi iandike saa hizo pembeni.

Mwenye kovu moja la chini la upasuaji uliopita yuko katikati. Wengi wao, kati ya 60 na 80 kwa kila 100 wanaojaribu, huzaa kwa njia ya kawaida, lakini wajaribu pale tu ambapo thieta iko wazi usiku na mchana. Kwao mipaka ya fomu isitumike kama ruhusa ya kusubiri hadi dakika ya mwisho. Maumivu ya kovu kati ya mkazo na mkazo, damu, au mapigo ya mtoto kuporomoka ghafla havisubiri duara. Mzazi anayeishi na VVU ambaye wingi wa virusi umeshuka kwa dawa anazaa kawaida na kujaziwa fomu kama wengine. Upasuaji wa kupangwa wiki ya 38 unashauriwa kama virusi vimezidi nakala 1,000 karibu na kujifungua. Kifafa cha mimba nacho si tiketi ya thieta moja kwa moja: magnesi salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kwanza, presha ishuke, halafu uangalie njia iko wapi.

Na kwa kuwa wazazi watarajiwa nao wanasoma: kitovu kuzunguka shingo kwenye picha ya utrasaundi si sababu. Ni jambo la kawaida sana, na kinachoamua ni mapigo wakati wa uchungu. Ufupi wa mama si sababu. "Mtoto mkubwa" ana kipimo: wataalamu wa Marekani wanazungumzia upasuaji wa kupangwa kuanzia makadirio ya gramu 5,000, au 4,500 kama mama ana kisukari, na hata hivyo utrasaundi ya mwisho wa mimba hukosea uzito kwa gramu mia kadhaa. Ukiambiwa kilo 3 na nusu ni kubwa kwa nyonga zako kabla uchungu haujaanza, una haki ya kuuliza nyonga zimepimwaje.

Sasa ile alama iliyopotea. Fomu inataka mikazo ihesabiwe kwa dakika 10 kila nusu saa, mkono ukiwa tumboni. Mkunga mwenye wazazi 3 amemaliza nusu saa yote kwa kazi hiyo peke yake. Mwenye 4 anahitaji dakika 40 ndani ya kila dakika 30. Mapigo ya mtoto anaweza kuyasikiliza humohumo, sawa, lakini hatua ya kusukuma inataka mapigo yasikilizwe kila dakika 5, na hapo hawezi kutoka kitandani. Anayefuata? Matokeo yanajulikana: karatasi inajazwa mtoto akishazaliwa, namba zote zikiwa 140, 138, 142, mwandiko mmoja, wino mmoja. Fomu iliyojazwa hivyo ni mbaya kuliko karatasi tupu, maana daktari wa zamu ataiamini. Kama wodi ina mkunga mmoja kwa wazazi 5, tunashauri wakubaliane waziwazi nani anafuatiliwa kwa ukamilifu (mwenye dripu, mwenye kovu, mwenye presha, aliyefika 8) na wengine wapunguziwe vipimo, vile vichache vilivyobaki viwe vya kweli.

Kitu kidogo kinacholeta makosa makubwa ni saa. Fomu inatumia mfumo wa saa 24. Mdomo unasema "saa 2" na kalamu inaandika 02:00 badala ya 08:00. Saa sita nzima zimeongezeka, na sentimita 5 iliyokaa saa 4 inaonekana imekaa 10. Saa ya ukutani wodini iwe ndiyo inayonakiliwa, na kwenye kukabidhiana zamu isomwe namba iliyoandikwa, isitafsiriwe.

Sehemu ya kufariji inafurahisha na kuudhi. Ni vizuri kwamba kutokuwa na msindikizaji, kutokunywa chochote na kulala chali vimewekewa duara sawa na presha ya 140. Uji mwepesi na chai vina kazi yake kwenye uchungu wa saa 10. Lakini wodi isiyo na mapazia haiwezi kuruhusu ndugu, kwa hiyo duara la msindikizaji litakuwepo kila saa kwa kila mzazi, na macho yakizoea duara lisilofanyiwa kitu yataruka na lile la mapigo. Pazia ni la bei ndogo kuliko mshono mmoja.

Je, inapunguza upasuaji kweli? Jaribio la hospitali 4 za India, lililochapishwa 2024, lilikuta upasuaji kwa wazazi wa kwanza walioanza uchungu wenyewe ukishuka kutoka asilimia 45.2 hadi 39.7, lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kitakwimu kuondoa shaka. Kwa hiyo anayeiuza fomu hii kama dawa ya upasuaji mwingi anatia chumvi. Faida yake iliyo wazi kwetu ni kwamba kila upasuaji unakuja na namba zake, na kikao cha Ijumaa cha kupitia mafaili kinakuwa na cha kupitia.

Wanaoanza: chapisha kwa ukubwa kamili wa A4, kwani ukiipunguza visanduku havipokei tarakimu tatu. Usiifungue chini ya sentimita 5. Aliye na 3 au 4 apimwe na kuandikwa kwenye karatasi ya kawaida ya uangalizi, vinginevyo utampa duara la uchungu ambao haujashika kasi. Patografu za zamani ziondolewe kwenye droo siku hiyohiyo, maana zikibaki zote mbili zamu ya usiku itarudi kwenye ile iliyoizoea. Na mzazi akipasuliwa, kadi yake ya kutokea ibebe yale yaliyo kwenye fomu: alifika sentimita ngapi, kichwa kilikuwa wapi, sababu kwa namba, mfuko wa uzazi ulikatwa kwa upande gani. Mimba ijayo ataibeba kadi hiyo kliniki, pengine mkoa mwingine, na daktari atakayeisoma hatakuwa na kingine cha kumsaidia kuamua kama ajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida.